Reli ikifika Mtwara: barabara ipite juu, ipite chini, au reli yenyewe iinuliwe?

Mtwara mjini kuna kata inaitwa Reli, na jina hilo limedumu kuliko reli yenyewe. Njia ile ya zamani ilijengwa na wakoloni kwa ajili ya mradi wa karanga ulioanza mwaka 1947, ili kuunganisha pwani na mashamba ya Nachingwea. Mradi ukavunjika mwaka 1951. Treni ziliendelea kwa muda, kisha mwaka 1962 njia ikafungwa na baadaye vyuma vikang'olewa. Tangu hapo mji umekua bila kumfikiria dereva wa treni hata siku moja. Nyumba, maduka, misikiti, shule na barabara vimejipanga kana kwamba hakuna kitu kizito kitakachokatiza tena.

Lakini kipo kinachokuja. Mpango wa reli ya kutoka bandari ya Mtwara hadi Mbamba Bay kwenye Ziwa Nyasa ni wa karibu kilomita 1,000, pamoja na matawi ya kwenda Mchuchuma kwenye makaa ya mawe na Liganga kwenye chuma. Hiyo ni reli ya mizigo mizito, mabehewa mengi yanayofuatana. Mzigo huo lazima ufike gatini, na kati ya bara na gati kuna mji. Watu wengi tunaizungumzia reli hii kwa habari za ajira na bei ya viwanja. Mimi naomba tuizungumzie kwa habari ya mtu anayetoka Magomeni asubuhi kwenda Hospitali ya Ligula na mgonjwa kwenye bajaji. Atavuka wapi?

Majibu yako manne: kivuko cha usawa chenye geti, daraja la juu la magari, njia ya chini inayochimbwa, au reli kuinuliwa ili mitaa ipite chini yake bila kushuka. Nitayalinganisha kwa hali ya Mtwara, na nasema mapema kwamba siyalinganishi yote kwa moyo ule ule. Jibu la nne ndilo ninalotaka tulipiganie, na sababu kubwa ni kwamba reli bado haijalazwa. Miji mingi duniani inatumia fedha nyingi kurekebisha kosa lililofanywa miaka 100 iliyopita. Sisi tunayo nafasi ya kutolifanya.

Geti: rahisi siku ya kwanza tu

Kivuko cha usawa ni pale reli na barabara zinapokutana kimo kimoja. Unaweka geti, taa, kengele, na ikiwezekana mlinzi. Kwa bei ya ujenzi hakuna kinachokishinda, ndiyo maana kwenye reli yetu ya zamani ya kati vipo vingi.

Tufanye hesabu ndogo. Treni ya mizigo ya urefu wa kilomita 1, ikitembea kilomita 20 kwa saa kwa sababu inakaribia bandari, inachukua dakika 3 kamili kupita mbele ya geti. Ongeza muda wa kufunga kabla haijafika na wa kufungua baada ya behewa la mwisho, unapata dakika 4 au 5. Treni 20 kwa siku ni zaidi ya saa nzima barabara imefungwa, tena si kwa ratiba unayoweza kuipanga. Msimu wa korosho, kuanzia Oktoba, malori yanapojazana kuelekea bandarini, dakika 5 za geti zinazaa foleni isiyokwisha kabla treni nyingine haijapiga honi. Wajapani wanalo jina maalumu kwa vivuko vinavyofungwa dakika 40 au zaidi katika saa moja ya asubuhi yenye watu wengi, na wametumia miongo wakiviondoa kimoja kimoja.

Kisha kuna vifo. Treni ya mizigo iliyojaa, ikiwa kwenye mwendo kamili, inaweza kuhitaji kilomita nzima na zaidi kusimama. Dereva akikuona, tayari ameshachelewa. Novemba 2023 kule Manyoni mkoani Singida, basi la abiria liligongana na treni ya mizigo kwenye kivuko cha reli, na watu zaidi ya kumi wakapoteza maisha. Reli ya kisasa ya Dar es Salaam hadi Dodoma, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, imewekewa uzio na haina vivuko vya usawa. Kwa hiyo kwa reli ya aina ile geti si jibu, na nisingependa tulirudishe Mtwara kwa kisingizio kwamba treni za bandarini huenda polepole.

Juu au chini: mita zinasema nini

Hapa ndipo watu wengi hukosea, kwa sababu wanadhani kupita juu na kupita chini ni kitu kimoja kilichogeuzwa. Sivyo. Treni ni ndefu kwenda juu kuliko lori, na lori ni refu kuliko binadamu. Tofauti hiyo inaamua karibu kila kitu.

Ikiwa reli itaendeshwa kwa umeme kama ile ya Dodoma, daraja la juu lazima liache nafasi ya karibu mita 7 kwa treni na nyaya zake, kisha uongeze unene wa daraja lenyewe. Barabara inapanda mita 8 na nusu hivi. Kwa mteremko wa mita 5 kwa kila mita 100, ambao lori lililojaa linauweza, unahitaji mita 170 kila upande. Jumla ni mita 340 za barabara iliyonyanyuka, na maduka yote ya kando yake yanabaki yakitazama ukuta wa zege.

Barabara ikipita chini, nafasi inayotakiwa ni ya lori, si ya treni. Ukiacha mita 5 na nusu za wazi na ukaongeza unene wa dari na kokoto za reli, barabara inashuka karibu mita 7. Kwa mteremko ule ule ni mita 140 kila upande. Umeokoa mita 60 za mtaa, na nyumba kadhaa zimenusurika na fidia.

Kwa watembea kwa miguu pengo ni kubwa zaidi. Daraja la waenda kwa miguu juu ya reli ya umeme ni ngazi 50 hivi kupanda na nyingine 50 kushuka. Muulize mama mwenye beseni la samaki kichwani, anayetoka feri juani, kama atazipanda. Atatafuta tundu kwenye uzio. Njia ya chini ya watu inahitaji kimo cha mita 2 na nusu tu. Hata ukijumlisha dari, mtu anashuka mita 3 na nusu, tena kwa mteremko laini bila ngazi, na baiskeli, mkokoteni na kiti cha magurudumu vinapita. Chini kuna kivuli. Aliyeshuka kwa baiskeli anapata mwendo unaomsaidia kupanda upande wa pili, wakati wa darajani anaanza na mlima.

Kwa vipimo hivyo peke yake, njia ya chini inashinda. Ingekuwa hatuishi Mtwara, ningeishia hapo.

Maji

Mtwara tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili na Mei, na mvua za mwaka zinakaribia milimita 1,000. Hazinyeshi kidogo kidogo kila siku. Zinakuja kwa vishindo, na wakazi wa bonde la Kiyangu hawahitaji kuelezwa maana yake. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilituelekea kikaishia Msumbiji, na mji ulikuwa umejiandaa kuhama. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipoingia pwani yetu, mvua zake zilikata barabara ya kwenda Dar es Salaam maeneo ya Somanga wilayani Kilwa, na mabasi yakalala njiani.

Sasa chukua ile njia ya chini ya malori: urefu wa mita 280 za miteremko, upana wa mita 12. Mvua ya milimita 50 ikinyesha kwa saa moja, maji yanayoanguka ndani ya shimo hilo peke yake ni lita 168,000. Hiyo ni karibu boza 17 za lita 10,000, na sijahesabu tone hata moja linaloingia kutoka mitaa ya jirani. Maji hayo hayana pa kwenda, kwa kuwa sehemu ya chini kabisa ya barabara iko chini ya mtaro wowote wa karibu. Lazima yasukumwe na pampu. Pampu inataka umeme, na umeme wetu hukatika zaidi siku ile ile ya mvua kubwa. Kwa hiyo unataka na jenereta, na mafuta ya jenereta, na mtu wa kuiwasha saa nane ya usiku.

Kuna na maji ya chini ya ardhi. Mji wetu umekaa kwenye rasi, juu ya mchanga na mawe ya matumbawe yenye matundu, bahari ikiwa pande tatu. Karibu na bandari huhitaji kuchimba sana kukuta maji, na ni maji ya chumvi. Chumvi inapenya kwenye zege na kula nondo. Maji hayo hayo yanasukuma sakafu ya zege kwenda juu, hivyo sakafu lazima iwe nene na nzito kuliko inavyohitajika kwa magari. Bei ya njia ya chini inayochimbwa karibu na bahari haifanani na bei ya njia ya namna hiyo Dodoma, hata kama michoro inafanana.

India imelipitia somo hili kwa upana. Hadi mwisho wa Januari 2019 ilikuwa imeondoa vivuko vyote visivyo na walinzi kwenye njia zake za reli pana, na sehemu nyingi palichimbwa njia ndogo za chini kwa maboksi ya zege. Vifo vya kugongwa vilipungua sana. Lakini msimu wa masika ulipofika, nyingi zilijaa maji, na wanavijiji wakabaki upande mmoja wa reli bila njia. Ikabidi warudi kujenga mapaa juu ya miteremko ili mvua isiingie, na matuta madogo mdomoni ili maji ya barabarani yapite pembeni. Mjini Delhi, njia ya chini ya reli ya Minto Bridge imekuwa ikijaa maji miaka nenda rudi. Julai 2020 dereva wa gari dogo la mizigo alikufa maji hapo, katikati ya mji mkuu wa nchi.

Naliweka hili mbele kwa sababu linauma. Tukichimba shimo Mtwara bila mpango wa maji, tutakuwa tumemhamisha mtu kutoka kugongwa na treni hadi kuzama.

Vimo vya malori

Kontena la kawaida lina kimo cha mita 2.59, na lile refu mita 2.90. Likiwekwa juu ya trela la mita 1 na nusu, unafika mita 4.4. Anayejenga njia ya chini ya mita 4 ili kuokoa fedha, kwenye mji wa bandari, anajenga mtego. Kule Durham, jimbo la North Carolina nchini Marekani, daraja la reli lililoacha mita 3.56 tu juu ya mtaa limechana mapaa ya malori kwa miaka mingi, licha ya mabango na taa za kuonya. Mwaka 2019 waliliinua sentimita 20, na malori yakaendelea kugonga.

Kwa hiyo njia ya chini lazima iamue mapema inamhudumia nani. Ama iwe kamili kwa kila chombo, ama iwe ndogo waziwazi, yenye chuma cha kuzuia kilichowekwa mbali kabla ya mdomo wake, ili dereva wa lori ageuze akiwa bado ana pa kugeuzia. Njia ya "karibu itoshe" ndiyo mbaya kuliko zote.

Kuinua reli

Turudi kwenye lile jibu la nne. Badala ya kuichimbia barabara, unailaza reli juu ya tuta au juu ya nguzo, na mtaa unapita chini yake ukiwa palepale ulipo. Kwa mtu wa bajaji ni njia ya chini. Kwa maji si shimo, kwa hiyo mvua ikinyesha inaondoka kama inavyoondoka barabarani kokote. Hakuna pampu.

Vipimo vyake vinapendeza. Tuta la mita 3 na nusu linatosha watu na baiskeli kupita chini kwa usawa. Tuta la mita 5 linaacha nafasi ya mita 3 na nusu na zaidi: bajaji, bodaboda, guta, haisi na gari la wagonjwa vyote vinapita. Ukifika mita 7, lori la kontena linapita. Na kwa kuwa reli bado haipo, boksi la zege linajengwa mahali pakavu kwanza, kisha tuta linajazwa juu yake. Miji yenye reli zinazofanya kazi haina raha hiyo. Wenzetu hulazimika kulimwaga boksi pembeni, kisha kulisukuma kwa jeki za haidroliki chini ya reli, sentimita kwa sentimita, huku treni zikipita juu na mafundi wakipima kila saa kama njia imelala. Boston waligandisha udongo kwa baridi kabla ya kusukuma mahandaki chini ya reli za stesheni yao kubwa. Kazi ya heshima, lakini bei yake ni ya mtu aliyechelewa.

Mfano ninaoupenda ni wa Melbourne, Australia. Tangu mwaka 2015 wanaondoa vivuko vya usawa, lengo likiwa 110 ifikapo 2030. Kati ya Caulfield na Dandenong waliondoa 9 kwa kuipandisha reli juu ya nguzo, na ardhi ya chini ikawa bustani, viwanja vya michezo na njia za baiskeli. Mitaa mingine walizamisha reli kwenye mfereji. Lakini Carrum, ufukweni, kwenye ardhi iliyokuwa kinamasi, reli ilipanda juu. Wenye fedha kuliko sisi, kwenye ardhi inayofanana na yetu kwa maji, walichagua hivyo.

Na hatuhitaji kwenda mbali. Reli ya kisasa inapotoka stesheni ya Dar es Salaam inapita juu ya nguzo kwa zaidi ya kilomita 2 kabla haijashuka, na magari ya mjini yanaendelea chini yake. Anayetaka kujua jambo hili likoje akiwa Dar, asimame chini ya daraja lile saa ya jioni asikilize.

Kelele ndiyo dosari ya kwanza. Treni iliyo juu husikika mbali zaidi kuliko iliyo usawa, na makaa ya mawe yasiyofunikwa yatamwaga vumbi kwenye mapaa. Kuta fupi za kuzuia sauti na mabehewa yaliyofunikwa vinatakiwa viwe kwenye mkataba tangu mwanzo.

Dosari ya pili ni mteremko. Lori linapanda mita 5 kwa mita 100. Treni ya makaa inataka mita 1 hivi. Kwa hiyo kuipandisha reli mita 5 ni nusu kilomita, na kuishusha hadi yadi ya bandari ni nusu kilomita nyingine. Yadi lazima iwe usawa wa gati. Mitaa iliyo karibu kabisa na lango la bandari itakuta reli tayari imeshuka, na huko jibu hili halifanyi kazi.

Ya tatu ndiyo inayonitisha: tuta la udongo ni ukuta. Linaweza kugeuka bwawa. Barabara yetu ya kusini imetufundisha kwamba tuta lenye makalavati machache au madogo haliishi. Maji yanajaa upande mmoja kisha yanaondoka nalo. Penye mabonde, nguzo ni bora kuliko tuta hata kama ni ghali. Na popote penye tuta, kalavati la maji liwe tofauti na boksi la watu, tena sakafu ya watu iwe juu ya sakafu ya maji. Mtu akikuambia boksi moja litatumika kwa vyote viwili, mwulize watoto wa shule watapita wapi mwezi Machi.

Usalama wa anayepita chini

Njia ya chini mbovu inaogopwa, hasa na wanawake na hasa usiku, na inayoogopwa haitumiki. Waholanzi, ambao wana njia nyingi za chini za baiskeli, hufuata kanuni chache: iwe fupi, iwe pana, isiwe na kona, anayeingia aone mwanga wa upande wa pili, na kuta zilale kwenda nje kidogo ili isibane macho. Kwa Mtwara ningeongeza taa za sola zenye betri, zilizowekwa juu pasipofikika, na ruhusa ya kibanda cha vocha au mama lishe kwenye mdomo wa kila upande. Mtu anayeuza maandazi pale hadi saa tatu usiku ni ulinzi ambao hakuna kamera inayoufikia.

Upana nao si wa kubania. Boksi la mita 2 linawatosha watu kwenye karatasi. Bodaboda ikiingia, na itaingia, mtu anajibana ukutani. Mita 4, nusu ikiwa imenyanyuliwa kwa waenda kwa miguu, ndizo nitakazoziomba mimi.

Barabara ipi ipewe nini

Kwa barabara kuu ya kwenda Mikindani, Lindi na Dar es Salaam, popote itakapokatana na reli, nakubali daraja la juu la magari. Inabeba mabasi ya stendi ya Mkanaledi, saruji ya kiwanda cha Dangote, na wagonjwa wanaopelekwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini kule Mitengo. Haiwezi kufungwa na maji hata kwa saa moja. Daraja la juu halijai maji na halina kikomo cha kimo. Lakini chini ya daraja hilo hilo, kwa ajili ya watu wa miguu wa pale, iwepo njia fupi ya chini. Wasiambiwe wapande mita 8 pamoja na malori. Hivyo hivyo kwa barabara ya Naliendele na Newala ikiwa reli itaikata nje ya mji, ambako ardhi ya kunyanyulia barabara ipo na fidia ni ndogo.

Barabara za bandarini zenyewe ni ngumu kuliko zote: reli imeshashuka, maji ya chumvi yako karibu, malori ni mengi. Kuchimba hapo ndiyo chaguo baya kuliko yote manne. Afadhali malori yapangiwe lango moja lenye daraja la juu, na yadi ya reli ikae upande ambao mji hauhitaji kuupita. Jambo hilo huamuliwa wakati wa kuchora bandari. Likikosewa hapo, hakuna daraja litakalolitibu.

Mitaa ya makazi ndiyo mingi, na ndiko usafiri wetu wa kweli uliko. Mtwara inasafiri kwa bajaji na bodaboda. Kwa hiyo tuta la mita 5 au nguzo, na boksi la kupita kila mita 400 au 500, lina faida kubwa kuliko daraja moja la kifahari kila kilomita 2. Mtu wa miguu akizungushwa kilomita moja kufika ng'ambo anayoiona kwa macho, atakata uzio. Tuchore kwanza njia ambazo watoto wanatembea kwenda shule na akina mama kwenda sokoni, ndipo boksi ziwekwe hapo, si pale mkandarasi atakapoona rahisi.

Ukiacha zile fupi za watu wa miguu, njia ya chini inayochimbwa naiachia sehemu chache: penye kilima, ambako reli inapita juu tayari na maji yanaweza kutoka yenyewe kwa mtaro kuelekea bondeni bila pampu. Lindi mjini, ambako vilima vinashuka karibu na bahari, sehemu za namna hiyo ni nyingi kuliko kwetu, na tawi likifika huko siku moja wenzetu wanaweza kuchagua tofauti na sisi bila kukosea.

Nani atafagia

Reli ni ya TRC. Barabara kuu ni za TANROADS, mitaa ni ya TARURA, taa na usafi mara nyingi huangukia kwa manispaa. Njia ya chini inakutanisha wote wanne sehemu moja, na kitu cha wanne huishia bila mwenyewe. Mtaro ukiziba kwa chupa za plastiki, kila mmoja ana sababu ya kusema si wake. Reli ikiwa juu na mtaa ukiwa usawa, kinachobaki ni daraja la TRC na barabara ya kawaida ya TARURA, na mgawanyo unaeleweka bila kikao. Popote patakapochimbwa, jina la mwenye kusafisha mtaro na kulipia umeme wa pampu liandikwe kabla ya jiwe la msingi.

Wataalamu wa tathmini ya mazingira na jamii watakapokuja kwenye mkutano wa mtaa, wataleta ramani inayoonyesha reli kutoka juu, mstari mwekundu juu ya mapaa yetu. Ramani hiyo haitoshi. Omba mchoro wa mkato, unaoonyesha reli kutoka ubavuni pamoja na kimo chake, kisha utafute mahali inapokutana na barabara yako na usome tofauti ya mita. Ikiwa ni 0, umepangiwa geti au umefungiwa. Ikiwa ni 2, watachimba, uliza maji yatatokea wapi. Ikiwa ni 5, bajaji yako itapita bila kushuka, na kilichobaki ni kubishania upana na taa.